Ami, Yaache Masomo ya Rahma

Ami yangu,

Assalamu alaikum. Salamu ni wajibu, nami nimeutimiza. Yale mengine yanayokaa mwanzoni mwa barua, ya habari za Maskati na joto la huko na maumivu ya mgongo wako, leo utaniwia radhi, siyaandiki. Nina hasira nawe. Nimekaa nayo muda mrefu, nikikuamkia na kukumiminia chai kila unapokuja, na sasa nimechoka kukaa nayo.

Barua hii naiandika wazi na nitaiweka kwenye grupu la ukoo. Waisome shangazi zangu, waisome wanao, waisome na wale wa Pemba ambao hatuwasikii mpaka siku ya Idi. Utasema nimekuvunjia heshima. Lakini mambo yangu uliyaamua mbele ya watu, ukapongezwa mbele ya watu, kwa hiyo na mimi nakujibu mbele yao.

Kilichonitoa kimya ni ile sauti uliyotuma juzi. Kwa wasiojua, mdogo wangu Rahma yuko mwaka wa tatu Dar, anasoma uhandisi wa mitambo kama nilivyosoma mimi, na wiki hii wanachagua masomo ya hiari, yaani yale ambayo chuo hakimlazimishi mtu, ila kila mmoja anachukua anayoona yatamfaa mbele ya safari. Ukasema achukue ya roboti, yote ya roboti, eti mambo ya spana yamepitwa na wakati. Ungeishia hapo ungekuwa ushauri tu, na ushauri mtu anaupokea au anauacha. Hukuishia hapo. Ukamalizia kwa ile sentensi yako ya kumuomba Mungu akuonyeshe njia: "Nshamswalia istikhara. Limekuja jambo la kheri."

Grupu zima likajaa mashaallah. Rahma akanipigia simu analia. Ana masomo anayoyataka, na si hayo, na sasa hajui kama akiyachukua anakupinga wewe au anampinga Mola wake. Mtoto ambaye tangu udogo wake hakosi alfajiri, umemtia hofu hiyo kwa sauti moja ya simu huku unakunywa kahawa. Nilikusikia unavyoivuta, Ami. Kikombe kinasikika.

Si kweli kwamba sikukupenda. Nianzie hapo, ili ujue ulichokichezea.

Nilikuwa bado skuli ya msingi ulipokuja likizo ukaikuta friji ya bibi imekufa. Bibi, mama yako, alikaa ghorofa ya juu Michenzani, na friji ile ndiyo iliyokuwa biashara yake, barafu za ukwaju na za maziwa alizowauzia watoto mlangoni. Kila mtu alishasema itupwe. Wewe uliizungusha ikatugeuzia mgongo, ukaniita nikushikie kurunzi. Ukauchukua mkono wangu ukaweka kiganja changu juu ya kompresa, ukaniambia nisikilize. Ikanguruma kidogo ikanyamaza, ikanguruma ikanyamaza. Ukasema inataka kuwaka inashindwa, tatizo si roho yake, ni kile kidude cha kuiwashia. Ukakibadilisha, na friji ikaamka.

Nilikuuliza kwa nini mgongo wa friji unaunguza na tumbo lake baridi. Ukanijibu jambo ambalo sijalisahau. "Baridi haitengenezwi, mwanangu. Joto tu linatolewa ndani likatupwa nje."

Profesa wangu wa chuo alikuja kunieleza hayo hayo miaka mingi baadaye, kwa milinganyo iliyojaa ubao mzima, na darasa zima lilikuwa linakuna vichwa isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeshaelezwa ukumbini kwa bibi. Mimi nimekuwa injinia kwa sababu yako, na naandika hivi huku meno nimeyauma, maana ningependa iwe kwa sababu ya mtu mwingine yeyote.

Maana ilipofika zamu yangu ya kuchagua, wewe ndiye uliyenizuia.

Ulikuwa umekuja likizo, na mimi nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya chuo. Tulikaa baada ya alasiri, wewe, baba, mama na mimi. Nikaeleza mpango wangu. Nilitaka somo la majokofu na viyoyozi, la matengenezo ya mitambo, na la pampu. Sikuyaokota hewani. Nilikuwa nimekitazama kisiwa chetu nikajiuliza nini kinaharibika hapa kila siku na nani anakuja kukitengeneza. Mahoteli yamejaa mashamba yote ya pwani, na kila moja lina chumba cha baridi na viyoyozi visivyozimwa. Samaki wanaoza kwa kukosa barafu. Maji hayapandi ghorofani bila pampu, na pampu zinaliwa na chumvi. Nikasema injinia anayejua mambo hayo Unguja hatakosa kazi, na tena ni kazi ninayoipenda. Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Namkumbuka alivyokuwa ananitazama.

Ukacheka. Ukasema huo ni ufundi wa mafriji, mtoto asome chuo kikuu mpaka kichwa kimuume halafu aje kupanda ngazi kwenye kuta za watu, na mwanamke! Ukasema nichukue mafuta na gesi, kuchimba visima na kulaza mabomba ya baharini, kwamba nitavaa kofia ngumu nyeupe na watu wataniinukia nikipita. Nikakuuliza, kwa adabu, hayo mafuta yako wapi hapa kwetu. Ukasema yanakuja. Nikasema nami nahitaji kazi kabla hayajafika. Mama alijifunika mdomo kwa mtandio kuficha kicheko, na baba akasema taratibu, "Kaka, tumwache mwenyewe aone."

Sidhani kama baba aliwahi kukukatalia jambo kabla ya siku hiyo. Uliliona hilo, na halikukupendeza, ukaondoka kwenda msikitini bila kuaga.

Asubuhi yake, tuko kwenye chai, ukaingia umevaa kanzu safi na unanukia udi, ukakaa, na wote tukakutazama. Kisha ukatuambia umeniswalia istikhara. Umeota bomba refu linaingia baharini, na mimi nimesimama juu yake nimevaa nguo nyeupe.

Baba akasema alhamdulillahi. Mama akainamia kikombe chake. Nami ningesema nini? Hoja zako ningeweza kuzijibu zote, nilikuwa nazijibu tangu jana yake. Ndoto haijibiwi. Ukishamleta Mungu mezani, anayeendelea kubishana anaonekana habishani nawe tena. Nikarudi Dar nikachagua uliyoyaota.

Na nilifaulu, Ami. Hili linaniuma kuliko kama ningefeli. Najua matope yanavyozungushwa kisimani kupoza kichwa cha kuchimbia, najua presha inavyozuiwa isilipue mtambo, nikiamshwa usingizini nakueleza. Mwalimu alikuwa mzuri na somo lenyewe halina ubaya wowote. Wapo wenzangu waliolichagua kwa mapenzi yao wakapata kazi Bara na wanalifurahia. Ubaya ni kuvaa kiatu cha mguu wa mtu mwingine, tena mtu ambaye hata yeye hakuwahi kukivaa.

Nilipomaliza nikaomba kazi kwenye hoteli moja ya Bwejuu, idara ya mitambo. Mkuu wa idara alinipokea vizuri, mtu mpole kutoka Bara. Alisoma matokeo yangu, akayasifu, akaniuliza kama nimesoma mambo ya baridi. Nikasema la, ila naweza kujifunza. Akasema anaamini naweza, lakini vyumba vyao vya baridi vinasumbua sasa hivi na anataka mtu wa kuanza nao kesho. Kazi ikaenda kwa mwenzangu mmoja tuliyekuwa naye darasa moja, aliyechukua yale masomo matatu niliyoyataka mimi. Hakunizidi kwa alama. Alinizidi kwa kuwa hakuwa na ami.

Unajua wakanipa kazi gani? Mapokezi. Kwa kuwa nazungumza vizuri na natabasamu. Basi mgeni akija analalamika chumba chake hakipoi, mimi ndiye ninayemwambia pole sana, kisha napiga simu chini aje injinia. Nimefanya hivyo mpaka leo. Siku moja mzee mmoja mgeni aliniuliza mimi nilisomea nini. Nikamwambia utalii. Nilidanganya kwa sababu ukweli ungehitaji nimweleze wewe, na foleni ilikuwa ndefu.

Hata hayo yote ningeyameza. Ningesema ni kudura, nikaendelea. Mpaka ikaja harusi ya mwanao.

Ilikuwa Mji Mkongwe, nyumbani kwa wakwe zako. Wanawake juu, wanaume chini barazani, na mimi nikatumwa kuteremsha sinia la haluwa na kahawa. Nikafika nyuma ya mlango nikasikia sauti yako, nikasimama kungoja umalize ili nibishe hodi. Wazee wenzako walikuwa wanalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Ukawapa dawa.

"Yakhe, mtoto akikushinda kwa maneno, mwambie nshakuswalia istikhara. Nani atabishana na Mungu? Yule binti ya mdogo wangu, injinia, nilimmaliza vivyo hivyo. Na wallahi siku ile hata udhu sikutia."

Wakacheka. Si wote waliocheka, niseme kweli. Mmoja alisema astaghafirullahi, ukamwambia acha uzito. Niliweka sinia kwenye ngazi nikapanda juu, nikakaa katikati ya wanawake wanaoimba na kupiga vigelegele, nikaambiwa mbona uso umenibadilika, nikasema ni joto.

Hukuota kitu, Ami. Hukuswali. Ulilala usingizi wako mzuri, ukaamka, ukajipaka udi, ukaja kumtuma Mungu kama mtu anavyomtuma mtoto dukani.

Nimejiuliza sana kwa nini. Ungekuwa mtu mbaya tu ningeshapata usingizi. Nadhani ninajua, na hapa ndipo hasira yangu inapochemka zaidi. Wewe ni fundi wa viyoyozi huko Maskati, umekula mkate wa kazi hiyo maisha yako yote. Umewasomeshea wanao, umemjengea bibi kaburi zuri, na sisi sote tulikuwa tunakuonea fahari. Lakini ukija huku unawaambia watu uko kwenye kampuni, husemi unafanya nini kwenye kampuni. Niliposema ninataka majokofu, hukumsikia mtoto aliyekupenda akataka kushika kazi yako kwa elimu kubwa zaidi. Ulisikia mtu anakutangaza. Uliionea haya kazi yako, ukaamua aibu hiyo niilipe mimi.

Laiti ungenieleza hivyo. Ungeniita pembeni ukasema, mwanangu, mie nimechoka kuitwa fundi na vijana wa Kiarabu walio sawa na wajukuu zangu, sitaki na wewe uitwe. Ningekushika mkono. Huenda ningekubishia, huenda ningelia nawe, na Mungu anajua huenda ningekubali hata hayo mafuta yako, kwa kukuonea huruma. Kuombwa ningeombeka. Hukuniomba. Ulinidanganya kwa jina ambalo nalitaja mara tano kwa siku nikiwa nimeinamisha uso chini, na kwa muda mrefu baada ya harusi ile kila nikitandika msala nilikuwa nakuona wewe na sinia la haluwa. Hilo sikusamehe. Labda iko siku. Leo si siku hiyo.

Sasa unataka kumfanyia Rahma.

Aliponipigia aliniuliza, "Dada, nichukue yepi?" Na nakwambia ulimi uliniwasha. Ninayo majibu, ninayo mengi, nimekuwa nayo tangu ile chai. Ningeweza kumpangia yote na ningemwambia ni kwa faida yake, kama ulivyoniambia mimi. Nikajizuia. Nikamwambia simchagulii, ila nitamuuliza.

Nilimuuliza ni mtambo gani akiuona umefunguliwa anasimama hata kama ana haraka. Nilimuuliza somo lipi lina karakana inayofanya kazi kweli, na lipi ni la picha za ubaoni tu, maana la picha mtu anaweza kujisomea nyumbani kwa simu, lakini la karakana akilikosa chuoni hatalipata tena. Nikamwambia awatafute waliolichukua mwaka jana, asiwaulize walipata alama gani, awaulize walijifunza kufanya nini. Nikamuuliza anataka kuishi wapi, kwa sababu masomo mengine yatamweka huku kwetu na mengine yatampeleka mbali, na yote mawili ni halali mradi ajue mapema. Roboti vilevile nilimuuliza. Nikamwambia Ami akisema roboti si lazima roboti ziwe mbaya, asije akakataa kitu kizuri kwa kukukomoa. Unaona nilivyokutendea haki kuliko ulivyonitendea.

Halafu akaniuliza kuhusu istikhara yako. Nikamweleza niliyoyasikia nyuma ya mlango. Nikamwambia, kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa chuo cha Kurani tulipokuwa wadogo, istikhara ni ya mwenye jambo lake. Udhu ni wake, rakaa mbili ni zake, dua ni yake, na baada ya hapo aende na moyo wake ulipotulia. Asingoje ndoto ya mtu.

Mimi nami nimejiandikisha upya. Chuo cha ufundi, majokofu na viyoyozi, siku nisizokuwa na zamu. Nakaa dawati moja na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, wananiita bi mkubwa, na siku ya kwanza mwalimu alidhani nimekuja kumwandikisha mwanangu. Sijali. Nitapanda ngazi kwenye kuta za watu, na ukipita chini yake uniamkue kama unavyowaamkua wengine.

Barua hii nimemsomea baba kabla sijaituma. Ni haki yake, wewe ni kaka yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika kwenye harusi akaniambia nirudie, nikarudia. Kulikuwa na neno moja nililokuita, akaniomba nilitoe. Nimelitoa. Lilipokuwa utapahisi mwenyewe.

Kisha Rahma akapiga simu. Alikuwa ameshaswali, ameshachagua, ameshawasilisha chuoni, na sauti yake ilikuwa nyepesi. Akamtajia baba masomo yake moja moja, na baba akawa anarudia majina yake taratibu, anakosea, anasahihishwa, anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo katika jambo ambalo wewe hukuliamua. Wakati huo huo simu yangu ikalia, ni wewe kwenye grupu, unauliza Rahma kachukua nini. Ukauliza tena. Nikamwonyesha baba, nikamuuliza nijibu vipi.

Alivaa miwani akasoma ujumbe wako mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mwandikie mtoto kachagua," akasema. "Akiuliza nini, mwandikie kachagua mwenyewe."

Shikamoo, Ami. Mungu akuhifadhi huko uliko.

Ni mimi,
mtoto wa mdogo wako